Pilipili ya Manga, Mahindi ya Nani?

Anayepika nyumbani kwake anaweza kuishi na jina moja la kila kitu. Mpishi wa shughuli hawezi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimepikia harusi, hitima na maulidi kwetu, nikapikia Mombasa na Unguja, na sasa niko Dar es Salaam. Kila nilikokwenda nilikuta vitu vilevile vya jikoni vikiitwa vingine. Ukiwa na masufuria ya pilau motoni na kijana umemtuma dukani, jina si jambo dogo. Ndilo litakaloamua kama wageni watakula pilau au watakula wali wa njano.

Chukua bizari. Bara ukisema binzari, wengi wanaelewa manjano, ule unga unaotia mchuzi rangi. Mombasa ukiitaja hivihivi dukani unaweza kupewa mchanganyiko wa mchuzi uliokwisha kusagwa. Anayetaka mbegu za pilau inabidi aseme binzari nyembamba, au jira, na akiwa Unguja aseme uzile. Zote ni zilezile mbegu za kahawia ambazo zikigusa mafuta ya moto tu jirani anajua kuna pilau. Mzee mmoja muuza viungo pale Darajani, soko la Unguja mjini, alinifundisha namna ya kununua. Nilipomwomba bizari, hakugeuka hata kuitazama rafu. "Mwanangu, bizari ya nini? Niambie unapika nini, mimi nitakupa." Tangu siku ile nikimtuma mtu sokoni simtajii kiungo peke yake, namtajia na chungu kinakokwenda: binzari ya pilau, binzari ya mchuzi, binzari ya samaki. Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao lilikuwa pana, likichukua mbegu na viungo vya kutilia chakula kwa jumla. Liliingia pwani na upana wake wote, halafu kila mji ukajikatia kipande.

Giligilani nayo ni hivyohivyo. Mbegu kavu ni giligilani, jina lililopitia kwa Waarabu. Majani yake mabichi watu wengi wa pwani wanayaita kotmiri, na Mkenya atakuambia dania. Kotmiri na dania yote mawili yametoka Bara Hindi; la kwanza wanalo Wagujarati na Wamarathi, la pili wasemao Kihindi. Kwa hiyo katika kifungu kimoja cha majani cha bei ndogo kabisa pale Kariakoo kuna wafanyabiashara wa namna tatu waliowahi kutuuzia.

Lakini jina lililonifungua macho ni la pilipili manga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiitwanga kwenye kinu kidogo cha mti, akiiweka mbali na pilipili nyingine, na mimi nilimuuliza Manga ni nani. "Si mtu, mjukuu wangu. Ni Arabuni, kule yanakotoka majahazi." Wazee waliita Arabuni, hasa pande za Maskati, Manga, na watu wake Wamanga. Ndiko lilikotoka neno komamanga, yaani koma la Manga, kwa kufananishwa na tunda la mkoma. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba pilipili ile haioti Manga hata kidogo. Nchi ile ni kavu, ina milima ya mawe na mitende. Pilipili manga asili yake ni Malabar, pwani ya kusini-magharibi ya India, inakonyesha sana na mmea wake unapanda juu ya miti mingine. Mabaharia wa Kiarabu waliipakia huko pamoja na vitu vingine, wakaileta na upepo wa kaskazi unaovuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, nasi tukaipa jina la aliyeishusha bandarini.

Hapo nikaanza kuyatazama majina yote ya jikoni kwa jicho jingine. Jina la chakula mara nyingi halitaji kilikozaliwa, linataja mlango kilioingilia. Mahindi, kwa mfano, asili yake ni Meksiko. Yalivuka bahari baada ya Wazungu kufika Amerika, na huku kwetu yaliingia katika zama za Wareno, ambao Vasco da Gama wao alitia nanga Malindi mwaka 1498. Kabla ya hapo ugali wa watu wetu ulikuwa wa mtama, ulezi na uwele. Lakini jina tuliloipa punje hii ni la Hindi, kwa sababu vitu vigeni vilivyotoka ng'ambo machoni mwa watu wa pwani vilitoka pande za Hindi. Leo Mtanzania akiambiwa ataje chakula chake cha asili atataja ugali wa mahindi bila kusita. Na mimi nasema yuko sawa, maana watu wakishalima kitu, wakakisaga, wakakilia shida na raha vizazi na vizazi, ni chao.

Viazi ulaya asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, si Ulaya. Unguja wanaviita mbatata, neno la Kireno ambalo Wareno nao walilichukua kwa wenyeji wa visiwa vya Karibi. Bata bukini tulimpa jina la Bukini, na Bukini ndiyo Madagaska ya wazee wetu. Mdalasini ndio ninaoupenda kuliko yote. Waajemi waliuita dar chini, maana yake mti wa China. Waarabu, ambao hawana sauti ya ch, wakatamka darsini. Sisi tukaubandika ile m- tunayoibandika miti yote, ukawa mdalasini, ukapangwa mstari mmoja na mwembe na mkorosho kama kwamba umeota hapa tangu dunia iumbwe. Na pamoja na hiyo China yake, ule mwembamba wenye harufu tamu unatoka Sri Lanka. Ukitembelea mashamba ya viungo Unguja utauona pia, wakikubandulia gome mbichi unuse.

Neno pilipili lenyewe lina safari yake. Mzizi wake ni wa Bara Hindi, kutoka pilipili ndefu ya huko, ukapita kwa Waajemi na Waarabu. Kisha wakaja hawa wekundu na wa kijani kutoka Amerika, pilipili mbuzi, kichaa na hoho, wakalivaa jina hilo na kukaa nalo. Leo ukisema pilipili bila kuongeza neno, hakuna atakayekuletea ile nyeusi. Mkongwe ndiye anayelazimika kutajwa na ubini wake.

Wareno hawakuacha mengi mezani petu, ila matunda waliyaacha. Nanasi ni neno la Watupi wa Brazili lililosafiri na meli zao. Papai nalo ni la Amerika. Pera tunaloliita pera limechukua jina la tunda jingine kabisa la Ulaya, kwa kufanana umbo. Na Mombasa mkorosho wanauita mkanju, neno ambalo nalo ni la Brazili, ilhali sisi wa Tanga mpaka Mtwara tukibaki na korosho kwa mbegu na bibo kwa tunda lake. Fenesi na embe ni za Wahindi kwa jina na kwa mti.

Na kuna vyakula vilivyotupa sisi majina ya rangi, jambo ambalo wanafunzi wangu wa jikoni huwa hawaamini mpaka waanze kuyahesabu wenyewe. Manjano ni kiungo kwanza, rangi baadaye. Kahawia ni ya kahawa. Zambarau ni lile tunda dogo linaloacha ulimi umeiva rangi. Machungwa yanajulikana. Macho yetu yamefundishwa na sokoni.

Upande wa unga nilijifunzia Mombasa. Kule asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na asiyepata hicho hajafungua kinywa. Mahamri yana tui, iliki na hamira, na hamira ndiyo iliyoyapa jina: kwa Kiarabu khamira ni chachu. Sisi tunayaita maandazi, na andazi ni jamaa wa kuandaa. Zamani mwandazi alikuwa ndiye fundi wa vyakula vya unga. Kwa hiyo Mombasa wametaja kilichomo ndani, na sisi tumetaja kazi ya mkono. Mimi huyatofautisha kwenye oda: mteja akisema mahamri namtilia tui zito na iliki ya kutosha, akisema maandazi namuuliza kwanza.

Tuna pia mkate wa ajemi, ambao jina lake limekuja moja kwa moja na Uajemi wake. Kuna mkate wa mofa, uliopewa jina la tanuri la udongo unamookwa, na ndugu zetu Wasomali wana muufo wao. Halafu kuna mikate tuliyoipa majina kwa namna ya kuipika, na haya kwangu ndiyo majina yenye akili kuliko mengine: mkate wa kumimina, chapati za kusukuma, chapati za maji. Aliyesikia jina amekwisha kupata nusu ya mapishi. Samaki wa kupaka vilevile: unambanika samaki juu ya makaa, mchuzi mzito wa nazi unampaka huku na huku, anarudi motoni, unampaka tena. Nimewahi kuulizwa na wageni kama jina hilo linahusu paka wa nyumbani. Hapana, ni kitenzi.

Mteja mmoja, mama mtu mzima aliyezaliwa Unguja na kukulia Maskati, alikuja kupumzika jikoni kwangu usiku wa hina wa mpwa wake. Familia yake ilihamia Oman baada ya mapinduzi ya 1964, kama nyingi nyingine, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Nilikuwa nachota unga wa kaimati kwa vidole na kuudondoshea kwenye mafuta. Akasema, "Kule tunaziita lugaimat, mwanangu. Luqma ni tonge. Hivi ni vijitonge." Nikazitazama zikivimba na kujigeuza zenyewe ndani ya karai, mviringo, kila moja ya kuingia mdomoni mara moja, nikaona kweli jina limekaa. Akaniambia pia kwamba huko nako wanakula mandazi, kwa jina hilohilo, na kwamba watoto wao wengi hawajui lilitoka huku. Mishkaki nao wanao, wanaichoma kando ya barabara kama sisi, na mzizi wa neno ni kutoboa. Kwa hiyo mlango ule ulipitisha pande zote mbili. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Tunaambiwa kila siku tulichopokea. Ni mara chache tunaambiwa tulichotoa.

Sasa niseme juu ya nazi, kwa sababu hapa hatukuazima. Bibi alinifundisha mnazi kwa kuutazama kutoka juu kwenda chini. Kwanza upunga, ule mkungu wa maua. Kisha kidaka, ambacho upepo ukivuma kinapukutika. Kisha kitale, kidogo bado, hakina nyama ya maana. Kisha dafu, la kunywa, nyama yake unakwangua kwa kipande cha kumbi. Kisha koroma, ambalo maji yake yamepungua utamu na nyama imeanza kushupaa lakini haijatoa tui. Ndipo ije nazi. Na ikiachwa ikaota, ndani linajaa joya, lile sifongo jeupe tamu ambalo watoto tulikuwa tukiligombania. Kila hatua ina kazi yake na jina lake, na mpishi asiyejua koroma ni nini atauziwa koroma kwa bei ya nazi, atakuna mpaka mkono uanze kuuma, na mchuzi utatoka mwepesi kama maji ya kunawia.

Kukuna ni kwa mbuzi: unakaa juu ya ule ubao, ulimi wa chuma wenye meno uko mbele yako, unazungusha kifuu kwa viganja viwili bila kukandamiza, na unaacha kabla hujafika kwenye ngozi ya kahawia, maana hiyo itakuchafulia tui. Nazi iliyokunwa unaitia maji ya vuguvugu kidogo tu, unaikamua kwenye kifumbu kilichosukwa kwa ukindu. Tui la kwanza linatoka zito, linashuka polepole, unaliweka pembeni. Unaongeza maji, unakamua tui la pili, jepesi, na hilo ndilo la kuchemshia. La kwanza linaingia mwisho, moto umepunguzwa, unakoroga upande mmoja bila kuacha ili lisikatike. Machicha yanayobaki ni ya kuku. Wasichana ninaofanya nao kazi sasa wanajua nazi ya pakiti, na siwalaumu, shughuli ya watu wengi haiwezi kungoja mbuzi mmoja. Ila ninawakalisha kwenye mbuzi wapya wote, angalau nazi chache, nikiwatajia majina. Lile linalonisikitisha ni kuona msichana wa pwani anayajua majina ya aina tano za jibini na hajui kitale.

Wali ni hivyo pia. Ukiwa shambani ni mpunga. Ukikobolewa ni mchele. Uliovunjika ni chenga, na ganda lililosagika ni pumba. Ukiiva ni wali. Uliolainika kwa maji mengi, wa mgonjwa na wa mtoto, ni mashendea. Ulioshika chini ya sufuria ni ukoko, na uliolala ni kiporo. Mtu wa mjini Dar atakuambia ubwabwa kwa mapenzi tu. Lugha haizai maneno mengi hivi kwa kitu isichokijali.

Dar pia ndiko nilikokutana na Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Mama mmoja wa Bukavu alikuwa akipita kibandani kwangu mchana na kuuliza, "Mama, sombe iko? Na bugali?" Sombe ni kisamvu chetu, majani ya muhogo yaliyotwangwa yakapikwa muda mrefu. Wanyarwanda na Warundi wanasema isombe. Bugali ni ugali, ambao Mombasa ni sima, na kusini kule Malawi ni nsima. Dagaa kwa Warundi ni ndagala. Nilipomweleza kwamba wazee wa Lamu na Mombasa chumvi waliita munyu, alicheka kwa furaha, kwa sababu Wanyarwanda, majirani zao ng'ambo ya Ziwa Kivu, wanasema umunyu, na Waganda omunnyo. Majina ya viungo yanatoka baharini. Ya chumvi, ya ugali na ya mboga za majani yanatoka nchi kavu, kwa ndugu wa lugha moja, na ndiyo ya zamani kuliko yale mengine.

Nayasema haya kwa sababu nimesikia mara nyingi mno hoja ya "hiki si chakula chetu". Kwenye harusi moja mjomba wa bwana harusi alitaka biriani litolewe kwenye orodha. Alisema ni la Wahindi, yeye anataka chakula cha asili, pilau. Nilimjibu kwa heshima: "Mjomba, pilau na biriani yote mawili majina yake ni ya huko. Biriani ni neno la Waajemi, maana yake cha kukaanga. Lakini tazama linavyopikwa huku: rosti yake tunaipika peke yake, wali peke yake, vinakutana kwenye sahani. Na sambusa, na kachumbari utakayotilia, navyo vimetoka hukohuko. Tukianza kutoa, meza itabaki na maji." Akatafakari, akaniambia, "Basi mama, pika vyote viwili." Tukapika. Na karafuu niliyotia kwenye pilau lile ilitoka Pemba, mti ambao asili yake ni visiwa vya Maluku vya Indonesia, ukapandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo nyumba yake. Nani leo atamwambia Mpemba karafuu si yake?

Siku hizi naandika majina kwenye daftari la oda, upande wa kushoto jina alilotaja mteja, upande wa kulia lile tunaloitana jikoni. Chila huku, vibibi kule, vikate vilevile vya mchele. Uzile, jira, binzari nyembamba. Kitunguu thomu kwa Waunguja, saumu kwa wengine, ambacho hakihusiani na kufunga hata kama wengi wanadhani hivyo. Kinatokana na neno la Kiarabu la kitunguu hichohicho. Na majina mapya yanaendelea kuingia. Sukuma wiki ya Wakenya imekwisha kuvuka mpaka, jina lenye ukweli wa mfuko mtupu wa katikati ya wiki. Kampala wana rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, jina lililopatikana kwa kuyatamka haraka maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyoviringishwa. Na hapa Dar chipsi mayai wameiita zege, kwa jinsi inavyoshikana kwenye kikaango. Wasichana wangu wakimaliza kazi usiku huagiza zege mbili na kachumbari nyingi, na muuzaji hana haja ya kuuliza maana.